Kuku Aliyeketi Akihema

Mjukuu wangu Akinyi,

Niwie radhi kwa kimya changu kirefu. Sisi wa Uriri hatujambo, ila boma limepoa tangu uondoke.

Umeuliza kama kuku wa nyama hudungwa homoni ili wanenepe upesi. Nilipokuwa msichana, kaka yangu alileta wachache hapa. Nilimkimbiza mmoja achinjiwe mgeni. Akaenda hatua chache, akaketi akihema.

“Umemdunga nini?” mama akamwuliza kaka.

“Hakudungwa, mama. Ukoo wake umechaguliwa kwa kukua haraka. Mwili umetangulia, moyo umebaki nyuma.”

“Basi mgeni tunamwandalia mgonjwa.”

Natamani kumsikia tena mama akitania hivyo. Nawe unasema utarudi nikikuruhusu kuwafuga kuku hao hapa. Nyumba inakuhitaji, lakini kuku wale bado nawahurumia. Nikishaamua, nitakuandikia.

Nyanyako