Jina Jipya la Chama cha Kuzikana

Voi, Jumapili

Mama Atieno,

Vumbi jekundu limeniingia mpaka kwenye uji, lakini mimi mzima. Anayenichosha ni shemeji yako Okoth. Chama chao cha kuzikana, hapa shamba la mkonge, hakipati watu, basi anataka jina liongezwe "Taifa" na "Ujamaa".

Nikasimama mkutanoni. Nikawaambia kile chama cha Wajerumani kilicholeta vita vya pili vya dunia kilianza hivyo hivyo: kikundi kidogo cha wafanyakazi, kikajibandika maneno hayo kuvuta watu, kisha kikawafunga viongozi wa wafanyakazi.

"Na watu walikuja?" Okoth akauliza.

"Walikuja mpaka wakajaa."

"Si ndiyo hiyo!" Wakapiga makofi, jina likapita.

Wakumbatie watoto. Nikifia huku, njoo unizike mwenyewe.

Baba Atieno