Mwenye Diwani Hainuki

Amman, 4 Machi

Mdogo wangu Muwaffaq,

Salamu kutoka chumbani kwangu. Mimi mzima, ni magoti tu yanayolalamika. Nilitaka kukuuliza hali, lakini mkeo Ibtisam amekutangulia: miguu imevimba, unalala umeketi, na dawa ya kutoa maji mwilini umeiacha. Nilipomuuliza sababu, akasema eti mwenye diwani hawezi kuinuka kwenda chooni mbele ya wageni.

Nilicheka, si kwa furaha. Miaka yote hii nje ya Mosul naiota diwani ile, ukumbi wetu wa wageni, harufu ya kahawa, sauti ya baba akipokea watu jioni. Sikujua imekuwa mahali pa mtu kujiua kwa adabu.

Nimemwonyesha daktari wa hapa vipimo vyako. Moyo bado unasukuma. Unashindwa kulegea. Sukari ya miaka mingi imekaza misuli yake, na huo mwili mnene unaouita neema unadai damu nyingi zaidi. Basi moyo haujai vizuri, damu inarudi nyuma, maji yanaingia mapafuni. Sukari peke yake ingekuumiza, unene vilevile. Kwako vimeshikana mikono. Utazama ukiwa umekaa kwenye zulia. Kunywa dawa.

Dada yako,
Khawla

Mosul, 19 Machi

Dada Khawla,

Nakuombea magoti yatulie. Huku tu wazima, mimi kuliko anavyosimulia Ibtisam.

Wewe uliondoka, mimi nikabaki na mlango wa baba. Ni rahisi kudharau adabu kama huna mgeni wa kukugongea. Baba hakuwahi kuinuka mgeni akiwa anaongea. Mimi nikimbie chooni kama mtoto, Shekhe Dhannun, mgeni wangu wa kila jioni, atasema nini? Unene ni wa ukoo wetu, na sukari naitibu kwa mdalasini.

Mdogo wako,
Muwaffaq

Amman, 2 Aprili

Muwaffaq,

Sikuulizi hali, naijua. Mdalasini upeleke kwenye wali. Baba alikuwa mwembamba kama fito na moyo wake mzima. Wewe umerithi kukaa kwake tu, heshima yake hukuigusa. Ukifa, wageni hao watakuja siku tatu, watakunywa kahawa chungu na kusema ulikuwa mkarimu. Kisha watatafuta diwani nyingine.

Dada yako

Mosul, 11 Mei

Dada,

Salamu za mtu aliyetoka hospitali juzi. Niliishiwa pumzi wageni wakiwapo. Wao ndio walionibeba. Daktari anasema moyo hautarudi ulivyokuwa. Anataka niulinde uliobaki.

Jana nilifungua diwani. Dawa ikanishika Shekhe Dhannun akiwa katikati ya maneno. Nikainuka. Niliporudi, wote walikuwa wanatazama zulia. Nikainuka tena.

Wakati wa kuagana, Shekhe akanivuta pembeni. "Hiyo dawa yako inaitwaje?" akanong'ona. "Mimi yangu niliitupa." Nyuma yake akaja mwingine, naye akanong'ona.

Nikawatazama wakivaa viatu mlangoni. Karibu vyote vilikuwa vimekanyagwa visigino, miguu haiingii.

Mdogo wako