Sentensi Niliyokutafsiria Mara Mbili

Mama yangu, uliyenilea Kapsoit,

Ni wiki tatu sasa tangu tukuzike, na bado dada zangu wananiuliza kwa nini ulikataa upasuaji. Nawajibu kwamba uliogopa. Hiyo ni nusu tu ya ukweli.

Unakumbuka ule mkutano kwenye kituo cha kupimia majani chai? Mlikuwa mmesimama na vikapu mgongoni, manyunyu yanawaloesha, msimamizi akaniita mbele niwatafsirie kwa Kipsigis kwa sababu najua kuongea. Akasema mashine za kuchuma chai hazikuja kuchukua kazi ya mtu, zimekuja kuwasaidia tu. Nikatafsiri. Ukacheka, ukawaambia wenzako, "Kama ni huyu wangu anasema, basi ni kweli." Baada ya miezi michache mkapewa barua za kuachishwa kazi, hata wewe uliyekuwa unajaza kikapu wengine bado wanafunga aproni. Mimi nikabaki, nikapewa mashine niiendeshe.

Kisha pua yako ikaanza kutoka damu upande mmoja. Ulisema ni vumbi, ukaweka kitambaa mfukoni, ukaendelea kukamua ng'ombe. Tulipofika kwa daktari wa masikio, pua na koo, uvimbe ulikuwa umeanza kulisukuma jicho lako la kushoto.

Yule daktari alikuwa mpole. Alituonyesha picha ya mkono wa roboti ambao hushikilia kamera nyembamba ndani ya pua bila kutetemeka, ili yeye abaki na mikono yake miwili ya kufanyia kazi. Akaniambia, "Mweleze mama. Nakata mimi mwenyewe. Roboti inanisaidia tu."

Nikakutafsiria. Uso wako ukabadilika palepale.

"Hata ile ya chai ilikuwa ya kusaidia tu," ukasema. "Twende nyumbani."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nilikubembeleza njia nzima. Nikamleta mchungaji, nikaapa kwa jina la Mungu, na wewe ukakataa katakata. Jicho likapofuka. Mwishowe hata maziwa ya mursik kwa kijiko yalikuwa hayapiti kooni. Naichukia ile mashine ya chai, Mama, na kila asubuhi naiwasha.

Siku chache kabla hujatuacha ulinishika mkono. Ukasema, "Usijilaumu. Siku ile ya mkutano hata wewe uliwaamini. Walikudanganya kama sisi."

Nilikurekebishia blanketi, nikatoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Mama, sikuwaamini. Msimamizi alikuwa ameshaniambia kwamba mtaondolewa, na kwamba nikiwatuliza nitapewa mashine. Nilisimama mbele yako nikijua. Kwa daktari ningefungua mdomo nikasema, "Siku ile nilikudanganya, leo sikudanganyi," pengine ungenitazama usoni ukaona tofauti. Pengine ungekubali. Nilikuwa na siku nyingi za kukuambia, tuko wawili tu jikoni, na kila siku niliona aibu. Niliona heri unione mjinga kuliko unione mwongo, na nikakuacha ufe ukinionea huruma.

Pumzika, Mama. Ule msamaha ulionipa haukuwa wangu, nakurudishia.

Ni mimi, kitinda mimba wako.