Ni Meno Tu

Dama, kipenzi cha nyanya,

Mwaka umepita, na bado nikipakua uji naweka kando kikombe chako cha kijani. Mama yako aliporudi kazini kwenye mahoteli ya ufukweni Bofa, ni mimi niliyebaki nawe hapa mtaani Kisumu Ndogo. Ulivyokuwa ukinivuta leso wakati wa maombi! Mchungaji hajamaliza, wewe tayari, "Mina!" Kanisa zima linacheka.

Ule ugonjwa ulianzia kwa mtoto wa Mama Rehema, mlango wa pili. Yeye alitapika tu. Kisha mapacha wanaokaa karibu na choo wakaharisha maji matupu. Wewe ukapata yote mawili, na homa juu. Nikadhani kila mtoto ana lake. Mwenye ploti hii tunayopanga, ambaye pia ni mzee wetu wa kanisa, alipita akakuchungulia mgongoni mwangu. "Usijisumbue, mama. Ni meno tu." Nami nikamwamini, mjukuu wangu, maana hata mama yangu alisema hivyohivyo, na ufizi wako kweli ulikuwa umevimba. Siku mbili nilikusugua ufizi, nikikunywesha maji ya kisima chake.

Siku ya tatu ulilia bila machozi. Hospitalini muuguzi alinikaripia, kisha akanishika mkono. Nikamwonyesha kadi yako: matone ya chanjo ulipewa yote.

"Mama, virusi vya tumbo ni ukoo mzima," akasema. "Chanjo inamzuia mmoja, yule mkali. Ndugu zake bado wanazunguka. Vinatoka kwenye choo cha huyu, vinapita mikononi, kwenye maji, vinaingia mdomoni mwa yule. Mmoja atatapika, mwingine ataharisha, ugonjwa ni uleule."

Ukaenda zako kwa Mungu kabla ya adhana ya adhuhuri.

Na tangu mvua za masika tulikuwa tumemwambia mzee kwamba choo kimejaa, kinavuja kuelekea kisimani. Jibu lake? "Bwana atafanya njia."

Dama, naomba kila siku, lakini wewe sitakudanganya: nataka yule mzee aone haya mbele za watu. Unajua ni mimi ninayewawekea wazee maji mezani kanisani. Jumapili iliyopita nilichota kisimani kwake, sikuchemsha, nikamwekea gilasi. Ulipofika wakati wa ushuhuda, nikasimama.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Mzee, maji hayo ni ya kisima chako. Kunywa."

Akaishika gilasi, akaitazama, akairudisha mezani. "Sina kiu, mama."

"Kunywa tu, mzee. Ukiharisha, ni meno tu."

Mama Rehema aliangua kicheko, halafu kicheko kikageuka kilio. Mzee akainamia Biblia yake, asifungue ukurasa hata mmoja.

Baada ya ibada mchungaji aliniita, akaniambia nisamehe. Nikamjibu nitasamehe, siku mzee atakapochimba choo kingine mbali, akasafisha kisima, na akanywa sote tukimtazama. Jana nilisikia anatafuta mafundi. Ya kusikia siyajali. Jumapili hii gilasi itakuwa palepale mbele yake, imejaa mpaka juu.

Lala, mama. Na nikiwa naomba, wewe sema "mina" yako mapema, kama zamani.

Ni mimi nyanya yako, ambaye mgongo wake bado unakungoja.