Pakiti za Kahawia za Da-on

Jumatatu, 7 Januari 2019 — Daegu

Pakiti za dawa ya maji zimeingia nyumbani. Hamsini na sita, za kahawia, moja kila jioni kabla ya mswaki. Mjukuu wangu Da-on anaanza shule Machi na bado anakojoa kitandani. Hospitali ya tiba za jadi inafanya utafiti: nusu ya watoto wanapewa dawa ya mizizi, nusu wanapewa ya uongo, rangi ileile, harufu ileile. Hata daktari hajui nani kapewa ipi. Sisi nasi tusijue.

Mi-ran, mke wa mwanangu, anapima damu maabara; kwake hakuna neno lisilo na ushahidi. "Baba, watu wamekunywa vitu hivi karne na karne, na nani alihesabu waliopona? Safari hii tunahesabu." Kisha akanikazia macho. "Na wewe usionje."

Mimi! Miaka thelathini na minane nimesahihisha vitabu vya watu kwenye kiwanda cha uchapaji bila kuongeza hata mkato wangu.

Jumatano, 9 Januari

Nimeonja.

Tone tu, lililobaki kwenye kona ya pakiti. Baba alikuwa mganga wa mitishamba kule Hamhung, Korea ya Kaskazini. Kabla sijajua kusoma nilitambua mizizi kwa ulimi, macho nimefumba. Dawa ya kweli uchungu wake unachelewa, unakufuata ukishameza. Huu ulikuja mbele, ukasalimia, ukaenda zake. Ya uongo! Naapa.

Nikampelekea Bibi Pyo wa mlango wa pili, mjane, miaka arobaini kauza dawa mtaa wa mitishamba. Akalamba, akatulia kama hakimu.

"Ya kweli hii, Mzee Mun. Ulimi wako uliusahau Kaskazini."

Mwanamke huyu!

Jumapili, 13 Januari

Shuka mbichi tena, ya tano wiki hii. Mi-ran ana karatasi ya hospitali mlangoni mwa friji: jua kwa usiku mkavu, wingu kwa mbichi. Mawingu matupu. Da-on amesema haendi Pohang kwa mjomba wake wakati wa Mwaka Mpya wa kalenda yetu ya mwezi, mapema Februari. Binamu watalala chumba kimoja, na yeye hataki kulala na mtu. Alisema akitazama bakuli lake.

Bibi Pyo kaja na ushauri wa zamani: mtoto avishwe ungo kichwani, aende kwa jirani kuomba chumvi, achekwe, aache. Mi-ran akakataa kabisa. "Aibu si tiba, Bibi."

Sawa, aibu si tiba. Lakini ungo wetu wa kuanikia pilipili ulikuwa pale barazani, umekaa bure. Nikauvaa mimi. Nikamshika Da-on mkono, nikabisha kwa Bibi Pyo.

"Nani?"

"Mun Gi-deok, miaka themanini na moja. Naomba chumvi. Nimekojoa kitandani."

Hakuuliza hata swali! Akatoka na upawa, akautwanga ungo kichwani mwangu — pwaa! — akanimwagia chumvi mpaka shingoni. "Mzee mzima! Huoni haya? Na nguo nani atafua?" Da-on alicheka mpaka akakaa chini.

Tukirudi akaniuliza kama niliwahi kweli. Nikamwambia. Hamhung nilitumwa na ungo mara nyingi. Mara ya mwisho kukojoa ilikuwa melini, tukikimbia vita kuja Kusini, baridi ya mwaka 1950, tumebanana sitahani, nina miaka kumi na miwili. Niliwalowesha watu nisiowajua. Hakuna aliyenicheka. Mama mmoja alinifunika tu kwa koti lake.

Sijawahi kumwambia mtu hilo. Hata marehemu mke wangu.

Jumanne, 15 Januari

Kama pakiti ni ya uongo — na ni ya uongo — mtoto anapotezewa muda. Bibi Pyo kanipa mbegu za mti wa gingko, dawa ya zamani ya kikojozi. Zikaangwe vizuri, mbili tu jioni. "Ya tatu ni sumu kwa mtoto, unanisikia?" Namsikia. Da-on anazipokea, anashukuru, anakimbilia chumbani. Mi-ran hajui.

Jumamosi, 26 Januari

Jua. Jua. Wingu. Jua, jua, jua!

Mi-ran anasifu utafiti. Bibi Pyo anasifu pakiti. Mimi nasifu gingko, kimyakimya. Kila mtu ndani ya nyumba hii amepona kiburi, kasoro watu wazima.

Jumatano, 6 Februari

Da-on karudi kutoka Pohang. Siku tatu kalala katikati ya binamu, mkavu kama samaki wa kuning'inizwa. Kaingia mlangoni akipiga kelele: "Babu! Hata kidogo!"

Alhamisi, 7 Februari

Nimekwenda kumwagilia ua lililo dirishani mwa Da-on. Udongo mweusi tititi, unanukia dawa kama duka la Bibi Pyo. Nikaangalia sufuria ya mwanasesere wake: imejaa mbegu za gingko. Zote.

Nikamwita. Hakukana.

"Tangu lini?"

"Siku ya tatu ya pakiti. Ni chungu, Babu."

"Na Pohang?"

"Chooni."

"Mbona hukusema?"

"Mama alikuwa anachora majua kwa furaha."

Nikamuuliza, basi umeponaje? Akainua mabega. "Nilikuwa naamka tu. Nilifikiria yule mama wa koti." Kisha akanishika shati. "Usimwambie Mama. Atasema majua yangu ya uongo."

Majua ni ya kweli. Pakiti ndizo hazikunywewa. Nimekaa na jambo hili tangu saa tatu. Kesho ni ukaguzi wa mwezi. Tukinyamaza, majua yake yataingia kwenye safu ya dawa ile, iwe ipi, na siku moja mama fulani atamlazimisha mwanawe anywe kwa ushahidi wa ua la dirishani. Nikisema, itanibidi nitaje na gingko. Mi-ran hataniachia tena hata kijiko. Na mtoto ataniona msaliti.

Sikucheka hata mara moja leo. Uongo — nilicheka kidogo, kwa ajili ya ua. Limestawi mno.

Ijumaa, 8 Februari

Naandika kwenye benchi la hospitali. Mi-ran kashika karatasi yake ya majua, kaikunja vizuri kama cheti. Mtoto aliye mbele yetu anaulizwa mlango wazi, maswali yanasikika. Alimeza dozi zote? Alipewa kitu kingine chochote nyumbani?

Da-on kasikia pia. Ananitazama. Nimemnong'oneza kwamba langu nitalisema mwenyewe, lake ni lake. Anahesabu vigae vya sakafu kwa ncha ya kiatu.

Muuguzi katoka. "Mun Da-on! Nani atamjibia mtoto?"

Mi-ran anafungua mkoba kutafuta kalamu. Mimi nimeshasimama. Na kiti cha pembeni yangu ki wazi — Da-on kanitangulia mlangoni, kwenda kujibu mwenyewe.