Bibi Esteri Hasagi Meno

Kumsenga, Kibondo
9 Februari 1976

Kwa mjukuu wangu Winifrida,

Nakusalimu wewe na wenzako wa hapo hospitali Kasulu. Desturi ni niandike kuwa mimi sijambo. Sitaandika, kwa sababu ni uongo. Taya linaniuma, hapa mbele ya sikio, pande zote mbili. Asubuhi mdomo haufunguki hata kupitisha kijiko cha uji, na nikiulazimisha unalia kak. Nilikwenda sokoni kwa yule mtu wa kung'oa meno, akanitoa gego zima lisilo na hata tundu. Gego limekwenda, maumivu yamebaki.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Nimesoma kisomo cha watu wazima, kwa hiyo usinicheke herufi.

Sasa sikia la pili. Kule mlimani nyumba yangu ilikuwa peke yake na migomba yangu. Tangu watuhamishie kijijini na kutupanga kwa mistari, jirani akikohoa ni kama amekohoa kitandani kwangu. Huyu Mama Evaristi wa nyumba inayofuata anasema usiku anasikia kwangu kitu kinasaga. Anasema natafuna mifupa. Mifupa ya nani, hasemi, watu wanajaza wenyewe. Mtoto wa mtu ameugua tumbo, wote wakanitazama mimi. Balozi wetu wa nyumba kumi, Ildefonsi, kijana niliyemfuta kamasi mimi, amekuja kuniambia maharage yakishavunwa kutakuwa na kikao, na wapo wanaotaka nihamishiwe nje ya mistari, kule porini. Peke yangu, kwa umri huu.

Wewe umejifunza mambo ya meno. Nitumie dawa ya taya. Huo uchawi wao nitaujibu mwenyewe kwa ulimi.

Bibi yako,
Esteri


Kasulu
27 Februari 1976

Shikamoo Bibi,

Mimi mzima, na wenzangu wamepokea salamu. Herufi zako zinasomeka kuliko za daktari wetu.

Bibi, usikasirike. Unasaga meno usingizini. Nilipokuwa mdogo nililala mgongoni kwako na nilikuwa nasikia. Mama Evaristi hajasema uongo, ila mifupa ndiyo kaongeza. Anayesaga huwa hajui. Pale mbele ya sikio ndipo taya linapoungana na kichwa. Meno yakibanana usiku kucha, kile kiungo hakipati kupumzika, na misuli ya mashavu inaamka imechoka kama mgongo uliolima.

Vidonge vitatuliza tu. Hapa daktari wa meno hutengeneza kinga, kitu kigumu cha plastiki kinachovaliwa kwenye meno ya juu wakati wa kulala. Ukisaga, unasaga kinga, meno hayakutani, na taya linatulia mahali pake. Lakini siwezi kukutumia. Kinapimwa kwa mdomo wako, cha mtu mwingine hakitakukaa. Njoo Kasulu.

Mjukuu wako,
Winifrida


Kumsenga
15 Machi 1976

Winifrida,

Salamu zako nimeziona, na hayo mengine pia nimeyaona. Mimi nisage meno? Wanaosaga ni watoto wenye minyoo na walevi. Babu yako nililala naye mpaka akafa na hakulalamika, ingawa ni kweli masikio yake hayakuwa mazuri. Na wewe ulisikia tangu mtoto ukanyamaza? Ulikuwa unangoja nini, nimalize meno yote?

Halafu unataka nivae kwato mdomoni. Nikifa usingizini, wanikute na plastiki kama ng'ombe aliyemeza mfuko. Mama Evaristi apate la kusimulia hadi Kibondo mjini. Siji. Umesikia? Siji.

Ildefonsi amekitaja tena kile kikao. Nitapanda lori la tumbaku Alhamisi. Uwe stendi, usinifanye nikae juani kama gunia.

Bibi yako,
Esteri


Kumsenga
2 Mei 1976

Winifrida,

Natumaini mnaendelea vizuri hapo, ninyi mlionijaza mdomo ule uji wa plasta wa kupimia meno mpaka nikadhani nimeletwa kuzibwa.

Sitaki kukusifu, lakini siku za kwanza niliamka na mdomo ukafunguka. Hata masikio yaliacha kuvuma. Nilikwenda kula mahindi ya kuchoma mbele ya Mama Evaristi, makusudi, taratibu, akiangalia.

Sasa hiyo kwato yenu imeharibika. Inabana upande mmoja, upande mwingine inacheza, na taya linauma kuliko mwanzo. Naitupa usingizini bila kujua. Asubuhi Mama Evaristi ananiuliza eti mifupa imerudi. Mmenipa kitu kibovu mkijua mimi ni mzee wa shamba. Maharage yameanza kukauka, Winifrida. Kikao kiko mlangoni.

Wala usiniambie sikukitunza. Nakichemsha kila asubuhi, kwenye sufuria yake peke yake, mpaka maji yatokote vizuri. Kipindi cha redio cha Mtu ni Afya kilitufundisha, na mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa kikundi cha kusikiliza. Kinachoingia mdomoni kinachemshwa.

Bibi yako,
Esteri


Kasulu
11 Mei 1976

Shikamoo Bibi,

Mimi sijambo, ila nilipofika kwenye sufuria nililazimika kukaa chini.

Umekipika, Bibi. Plastiki ile ikipata maji ya moto inapinda, na ikipinda inalisukuma taya pembeni. Ndiyo maana linauma zaidi. Usikivae tena hata siku moja. Maji ya kunywa endelea kuchemsha. Kinga inaoshwa kwa maji baridi na sabuni kidogo. Nilipaswa kukwambia, nami sikuwaza kama kuna mtu angeipika.

Mfano wa plasta wa meno yako tunao bado kabatini, kwa hiyo daktari anakutengenezea nyingine na huna haja ya kusafiri. Nitampa dereva wa lori la tumbaku. Nayo haikuachishi kusaga, inakulinda tu na kuzima ile sauti, kwa hiyo ivae kila ulalapo, siyo ukipenda. Na mchana, ukikasirika, acha kubana meno. Najua nimekuomba jambo gumu.

Mjukuu wako,
Winifrida


Kumsenga
20 Juni 1976

Mjukuu wangu Winifrida,

Nakusalimu. Leo naweza kuandika kuwa sijambo, lakini usifurahi kabla hujasoma mpaka chini.

Kwato ya pili imefika na imekaa vizuri. Naiosha kwa maji baridi, ingawa moyo haukubali. Taya limelegea. Sasa sikia walichonifanyia.

Jumapili nililala mpaka jua likatoka, kitu ambacho sijafanya tangu nilipokuwa bibi harusi. Mama Evaristi hakusikia kusaga usiku, wala mlango wangu kufunguka asubuhi. Akangoja, hakusikia. Akakimbia kwa Ildefonsi kusema Bibi Esteri amekufa. Wakavunja mlango wangu, mlango wa mninga ulioshuka nami kutoka mlimani. Nafumbua macho, nyumba imejaa watu, na Mama Evaristi yuko miguuni pangu analia, kilio cha kweli, na kamasi zake zote. Nikawauliza, mnamlilia mchawi? Lakini kwato ilikuwa mdomoni, hawakuelewa neno, na nusu yao walitoka mbio. Nikaitoa, nikawaeleza waliobaki. Kila mmoja akataka kuishika. Ildefonsi aliinusa. Nimeiosha tena na tena.

Kikao kimekaa. Kilichozungumzwa ni mlango. Ildefonsi atautengeneza mwenyewe, na la porini hakuna aliyelitaja, wala mimi sikuwakumbusha.

Lakini Mama Evaristi sasa analalamika kuwa kimya changu kinamtisha, hapati usingizi. Kila alfajiri anakuja kunigongea mpaka nimjibu. Naamka taya likiwa zima, kichwa ndicho kinachouma kwa ajili yake. Nimemwambia aache. Hasikii, mwanamke yule.

Juzi alichelewa kugonga. Nikajifunga kanga nikaenda kumgongea mimi. Alikuwa amelala tu, mvivu.

Bibi yako,
Esteri