Mama mdogo hayupo kwenye ukurasa

Kibiti, Jumanne usiku

Kasi ile siiamini. Hadi jana ukurasa wa mgao wa mbegu za mpunga ulifunguka taratibu mpaka chai inapoa, maana ORM yetu, ile inayotuandikia maswali ya kanzidata, ilikuwa inamuulizia kila mkulima nyumba yake, mmoja mmoja. Leo mwenzangu Shamte kaunganisha jedwali la wakulima na la nyumba kwa swali moja. Nikabofya, ukafunguka hapo hapo.

"Si nilikwambia?" akasema.

Nikatafuta jina la mama mdogo, anayelima Mbwera. Hayupo.

"Labda hakujiandikisha."

Nilimwandika mwenyewe. Ila amehamia dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo shambani, anaamia ndege wasile mpunga, kama wenzake wote kule delta. Dungu halina namba ya nyumba, kwa hiyo nafasi ile niliiacha wazi. Na swali la Shamte linamchukua mwenye nyumba tu. Asiye nayo linamwacha kimya kimya, wala halilalamiki.

Tumelirekebisha liwachukue wakulima wote, nyumba iwepo isiwepo. Mama mdogo karudi, na ukurasa bado unafunguka haraka. Shamte kafurahi, kaenda zake kuswali.

Mimi bado... Ripoti ya mbolea ya msimu uliopita aliiandika yeye. Nayo ilifunguka hapo hapo, tukampigia makofi.